Paka wangu ana UTI sugu, nimpe saplimenti gani?

Swali: Shikamoo daktari. Nina paka dume anaitwa Kashata, miaka minne, kahasiwa, kilo sita, anakaa ndani tu, tuko ghorofa ya tatu Upanga. Toka mwaka uanze hii ni mara ya tatu anachuchumaa kwenye beseni lake la mchanga anatoa matone tu, mengine yana damu, afu siku hizi anakojoa hadi kwenye sinki la bafuni. Mara zote mbili za mwanzo nilimpeleka kliniki akachomwa antibayotiki siku tatu, akapona, ikarudi. Wameniambia ni UTI sugu. Karatasi ya vipimo nimekutumia picha, mkojo niliukinga usiku nikauweka friji nikaupeleka asubuhi. Anakula chakula kikavu cha mfuko, maji yapo muda wote. Beseni lake tulilihamishia stoo kwenye mashine ya kufulia toka Januari maana mtoto ameanza kutembea anachezea mchanga. Sasa kuna mtu anauza vidonge vya kranberi na glukosamini ya paka kutoka nje, laki na nusu dozi ya miezi miwili. Jirani yangu yeye anasema madafu. Naomba uniambie virutubisho gani vinatibu kibofu, sindano nimechoka nazo. Na je, mwanangu anaweza kuambukizwa?

Jibu: Marhaba dada yangu, na poleni, wewe na Kashata wote. Meseji yako nimeisoma mara mbili na ile karatasi nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona mwandiko wa kalamu pembeni, kwa hiyo jibu langu litakuwa refu kidogo, chukua chai kabisa.

Ila kabla ya habari za saplimenti naomba uende ukamwangalie anavyochuchumaa sasa hivi. Matone, hata yawe na damu, maana yake njia ipo. Ukiona anachuchumaa, anajikamua, analia, anajilamba huko chini bila kupumzika na mchanga unabaki mkavu kabisa, hapo hamna cha kranberi wala madafu, mrija wa mkojo umeziba na unamkimbiza kwa daktari hata kama ni saa nane ya usiku. Mrija wa dume ukifika kwenye uume ni mwembamba ajabu, haufiki milimita moja, kidonge cha ute na mchangamchanga wa mkojo kinatosha kuuziba, na mkojo ukikosa pa kutokea figo zinagoma, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ndo inayosimamisha moyo. Ni siku moja mpaka tatu hapo, basi. Nilishaletewa paka ambaye nyumbani walidhani ana choo kigumu, wakamnywesha mafuta ya kula siku mbili nzima kwa sababu walimwona anajikamua, kumbe alichokuwa anakamua ni mkojo. Sisi tukimshika tumbo tunajua haraka: kibofu kilichoziba unakikuta kigumu na kikubwa kama chungwa bichi, cha paka kama wako mara nyingi ni kadogo, kama ndimu, maana anakojoa kila baada ya dakika kumi kitajaa saa ngapi. Wewe usijaribu kubonyeza, kilichojaa kinaweza kupasuka.

Haya, karatasi. Imeandikwa damu +++, leukosaiti (chembe nyeupe za damu) ++, naitraiti hamna, fuwele kiasi, bakteria hawajaonekana, uzito wa mkojo 1.056, yaani mzito sana. Aliyeisoma akaona leukosaiti ++ akasema UTI, na mtu yeyote aliyezoea vipimo vya binadamu angesema hivyohivyo. Shida ni kwamba kile kijiti cha rangi wanachochovya kwenye mkojo kimetengenezwa kwa ajili ya watu, na kile kiboksi cha leukosaiti kwa paka kinadanganya sana, kinageuka rangi hata kwa paka asiye na chochote. Cha kuaminika ni darubini, na darubini yao wenyewe imesema bakteria hamna! Mstari wa tano una jibu, mtu kaishia mstari wa pili. Siwalaumu sana maana wengi wetu chuoni tulisomeshwa ng'ombe, mbuzi na kuku mpaka tukaota ndotoni, paka tulimpitia juujuu.

Na hizo fuwele zisikutishe. Mkojo ukilala friji unapoa, na ukipoa madini yanajitenga yanakuwa fuwele humohumo kwenye kikopo, kwa hiyo inawezekana kabisa kibofuni hazikuwepo. Hata zikiwepo chache, paka wengi wazima wanazo na hawana shida yoyote. Siku nyingine mkojo ufike maabara ndani ya saa moja mbili hivi ukiwa wa moto wake, na kuukinga ni rahisi, toa mchanga weka kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, atakojoa juu yake na wewe unamimina kilichobaki chini.

Sasa hii UTI sugu. Mjini hapa kila mwenye kuwashwa kidogo ana UTI sugu, kila kona kuna mtu anauza dawa yake kwenye chupa ya maji, na naona paka nao tumeshawaingiza kwenye foleni. Kwa paka walio chini ya miaka kumi wanaokuja kwetu wanakojoa matone na damu, zaidi ya nusu ukipima kila kitu hukuti mdudu, hukuti jiwe, hukuti uvimbe, unakuta kibofu chekundu kimevimba na kinauma, basi. Wengine wachache wana mawe, wengine wameziba, na wenye bakteria wa kweli ni asilimia ya kuhesabu kwa vidole. Akishakuwa mzee, miaka kumi na kuendelea, hapo hesabu inabadilika kwa sababu figo zinachoka, wengine wanapata sukari, mkojo unakuwa mwepesi na bakteria wanapata pa kuishi. Kashata wa miaka minne mwenye mkojo wa 1.056, mkojo mzito namna hiyo bakteria wengi hawaupendi hata kidogo.

Kwa hiyo alichonacho kwa jinsi ninavyoona ni kuvimba kibofu bila chanzo cha moja kwa moja, na nasema ninavyoona kwa sababu simshiki hapa, na kwa kuwa ni mara ya tatu anahitaji ultrasaundi au eksirei kuhakikisha hamna jiwe. Aliyeusoma sana ugonjwa huu ni Tony Buffington wa Ohio State University kule Marekani, alikuwa anaulinganisha na maumivu ya kibofu yanayowasumbua akina mama ambao wanapimwa mkojo kila siku na hauna kitu. Kwa paka hawa ule utando wa ute unaokinga ukuta wa kibofu umepungua, mkojo mkali unagusa nyama yenyewe, mishipa ya fahamu inawaka, na kichwani mfumo wa taharuki uko juu muda wote wakati homoni inayotakiwa kuutuliza haipandi inavyotakiwa. Kama gari lililokanyagiwa mafuta na breki ni ya kubahatisha. Mwaka 2011 akaupa jina la Pandora, yule wa hadithi ya Kigiriki aliyefungua chombo zikamwagika balaa za kila aina, kwa sababu ukimchunguza paka huyo vizuri unakuta siyo kibofu peke yake, mara anatapika, mara ngozi, mara tumbo linaharisha, mara anajificha. Hiyo ya kukojoa kwenye sinki nayo ni kawaida yao, panapoa, pana utelezi, na kichwani kwake beseni la mchanga ndo mahali panapouma, anakwepa.

Ukielewa hiki kinachofuata utaokoa hela nyingi sana: kwa paka wengi shambulio la namna hii linaisha lenyewe ndani ya wiki moja. Lenyewe. Piga hesabu, siku ya kwanza unaona damu unasubiri, siku ya pili unampeleka, anachomwa siku tatu, siku ya tano au ya sita anakojoa vizuri, sindano inapewa sifa. Ungempa madafu siku hizohizo, madafu yangesifiwa. Ungempa uji wa ulezi leo hii ungekuwa unawatolea majirani ushuhuda kwamba uji wa ulezi unatibu UTI sugu. Na wauza vidonge wote wanaishi kwenye huo mwanya, siyo lazima wawe matapeli, wengine wanaamini kabisa, wamewaona paka wakipona mbele ya macho yao.

Glukosamini ndo mfano mzuri maana hadithi yake inavutia. Ule utando wa ute wa kibofu umejengwa na vitu vya jamii ya glukosamini, utando umepungua, kwa hiyo mlishe glukosamini utando urudi, nani atabisha? Wataalamu Uingereza wakachukua paka 40 wenye ugonjwa huuhuu, nusu wakapewa glukosamini miligramu 125 kila siku, nusu wakapewa kapsuli za danganya toto ambazo hamna kitu ndani, miezi sita, na wenye paka hawakuambiwa nani kapewa nini. Matokeo yalitoka 2004. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuwepo ya maana. Ukiuliza mbona basi hata wa danganya toto walipona, ni kwamba mwanzoni mwa utafiti wengi walihamishiwa chakula cha maji, mikojo yao ikawa myepesi. Yaani chakula cha kopo kilifanya kazi, kapsuli ikapanda lifti. Ndugu yake glukosamini anayeitwa pentosani, ambaye ni dawa kabisa, naye alijaribiwa kwa paka zaidi ya 100, habari ikawa ileile.

Haitamdhuru Kashata lakini, nisikutishe bure. Nina wateja wawili watatu wanaapa kwa glukosamini na sijawakataza, paka wanakula, wanapenda ladha, sawa. Ninachokataa ni mtu kutoa laki na nusu ya glukosamini afu akaniambia chakula cha kopo ni ghali.

Kranberi, lile tunda dogo jekundu, hata sitaipotezea muda mrefu. Kazi yake kwa watu ni kuwazuia bakteria wa aina ya ikolai wasishike ukuta wa kibofu. Kashata hana ikolai. Unaweka mlinzi kwenye nyumba ambayo mwizi hajawahi kufika na moto unawaka jikoni. D-manosi, ile sukari inayouzwa kwa ajili ya UTI, vilevile, vitamini C mbaya zaidi kwa sababu watu wanampa paka wakidhani inasafisha, mwilini ikizidi inageuka oksaleti, na mawe ya oksaleti ndo yale ambayo hayayeyuki kwa chakula wala kwa dua ya daktari, ni upasuaji. Siki ya tufaa, kwanza jaribu kumnywesha paka siki nikuone.

Ya kuzungumza kwa heshima kidogo ni mafuta ya samaki, omega 3. Kuna utafiti ulitoka 2015, paka 25 walifuatiliwa mwaka mzima, kundi moja lilikula chakula kilichotengenezwa kikiwa na mafuta ya samaki kwa wingi na vizuia kutu vya mwili kama vitamini E, na waliokula hicho mashambulizi yao yalikuwa machache sana kuliko wenzao. Paka 25 ni wachache, na walichokula ni chakula kamili siyo kapsuli juu ya chakula, lakini ni kitu. Ukitaka kumpa omega 3 mpe ile ya mafuta ya mwili wa samaki, na kipimo akupangie daktari aliyempima uzito. Kodliva usimpe! Hiyo inatoka kwenye ini la samaki na imejaa vitamini A, na kama nyumbani kwenu mnamlisha na maini ya kuku kila siku, kama nusu ya mji huu, mwaka ukipita vitamini A inamjaa, mifupa ya shingo inaanza kuota na kugandana, unamwona paka hawezi kugeuza kichwa kujilamba mgongo. Nimeona mmoja, manyoya ya mgongoni yamefungamana kama mkeka kwa sababu tu shingo haifiki.

Vya kutuliza akili, kuna kimoja kinatokana na protini ya maziwa, kinaitwa alfa-kasozepini, na kuna triptofani, vipo kwenye baadhi ya vyakula vya mkojo vya paka na vinauzwa pia peke yake. Mimi navitumia, ila kwa tukio, siyo kwa maisha. Mfano unajua Idi inakuja, nyumba itajaa wageni na watoto, unaanza siku kadhaa kabla. Ukitegemea vifanye kazi huku kinachomtisha paka kipo palepale kila siku, utamaliza makopo.

Sasa madafu ya jirani. Kwa mtu mzima mwenye kiu ni neema ya Mungu, ila kumbuka nilichosema juu kuhusu potasiamu na moyo. Dafu limejaa potasiamu. Paka aliyeziba ambaye hujajua kama ameziba, ukamnywesha dafu kwa sirinji, unamsaidia kwenda. Maziwa yatamharisha na akiharisha anakauka, mkojo unazidi kuwa mzito. Shubiri, kitunguu saumu, mafuta ya majani yenye harufu kali, vyote hapana, ini la paka halina ule uwezo wa ini lako wa kuchambua vitu hivi, na kitunguu cha aina yoyote kinapasua chembe nyekundu za damu. Na kwa jina la Mungu usimpe panado kwa sababu unamwona anaumwa, kidonge kimoja cha 500 kinaua paka, siongei kwa kutisha, damu yake inageuka ya kahawia na ufizi unakuwa na rangi ya matope. Diklofenaki na ibuprofeni nazo usizisogeze. Maumivu anayo ya kweli na yanatakiwa kutibiwa siku hizo za mwanzo, kuna dawa za maumivu za paka, mwambie daktari wako kabla ya kufikiria sindano nyingine ya antibayotiki amtazame kwenye maumivu kwanza. Mimi hapo ndo naanzia.

Kwa hiyo virutubisho gani? Maji, dada. Najua unasema maji yapo muda wote, yapo ndiyo, lakini paka ametokana na paka wa porini wa nchi za jangwa, kiu yake ni ndogo kwa maumbile, alizoea kupata maji ndani ya panya. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu au chini ya hapo, cha kopo kinakaribia 80. Paka wa kilo sita anahitaji kama mililita 300 kwa siku ukijumlisha ya kunywa na ya kwenye chakula, akila gramu 70 za kikavu amepata mililita saba, hizo nyingine zote azifuate kwenye bakuli, na hazifuati, ndo unapata 1.056. Tunataka angalau ishuke chini ya 1.035. Mwaka 1999 walilinganisha chakula kimoja cha tiba kikiwa kikavu na kikiwa cha kopo kwa paka wenye shida hii, ndani ya mwaka waliokula kikavu ugonjwa uliwarudia asilimia 39, wa kopo 11. Hamna kapsuli ninayoijua yenye namba za namna hiyo.

Makopo kila siku ni ghali, naishi mji huuhuu najua. Fanya hivi. Nunua kichwa cha changu au vichwa na miguu ya kuku, chemsha kwa maji mengi bila chumvi, bila kitunguu, bila kile kiungo cha unga cha mchuzi, chuja miiba na mifupa yote, supu igandishe kwenye trei la barafu. Kila mlo toa vipande viwili vitatu, viyeyushe viwe vya uvuguvugu, mwaga juu ya kile chakula chake kikavu kiloane, anza na kijiko kimoja cha chakula, kila siku mbili tatu ongeza mpaka vifike vinne. Harufu ya samaki ikimfikia atakuja mwenyewe. (Supu ya pweza muachie shemeji.) Chakula kilicholoana kisilale kwenye bakuli zaidi ya nusu saa na joto hili. Dagaa wakavu wawili watatu kama zawadi sawa, kama mlo hapana, chumvi na madini yamezidi. Afu usimlazimishe kwa njaa, paka mnene asipokula siku mbili tatu mafuta yanakimbilia kwenye ini na hapo umeanzisha ugonjwa mbaya kuliko uliokuwa nao. Akigoma rudi hatua moja nyuma, ongeza taratibu, hata ikichukua mwezi. Na kilo sita kwa paka wa kawaida wa kwetu ni nyingi, unene wenyewe unachangia ugonjwa huu, kwa hiyo akizoea hiyo supu utapunguza kile kikavu kidogokidogo.

Bakuli la maji lisikae kando ya chakula wala kando ya beseni, weka mawili matatu sehemu tofauti, mapana, masharubu yasiguse ukingo. Wengine wanapenda maji yanayotembea, bomba likidondoka kidogo wanakunywa hapo, sasa kama sinki anaipenda kwa kukojoa labda hiyo tuiache kwanza.

Na hii ya stoo. Umeiandika kama mtu anayepita njia, kumbe kwangu ndo mstari wa maana kuliko yote kwenye swali lako. Januari beseni limehamia kwenye mashine ya kufulia, Januari ugonjwa umeanza. Mashine ikifika kukamua inatetemeka, inapiga kelele, sakafu inacheza, na paka yuko katikati ya haja yake, stoo ina mlango mmoja na nje ya mlango kuna mtoto aliyeanza kutembea ambaye anamtafuta amvute mkia. Mara mbili tatu ikimtokea, anaanza kubana mkojo. Anabana masaa, mkojo mzito unakaa kwenye kibofu ambacho kinga yake imepungua. Wale wa Ohio walichukua paka 46 wa majumbani wenye ugonjwa huu wakawarekebishia mazingira tu, mahali pa kupanda, pa kujificha, beseni safi, michezo, ugomvi wa paka kwa paka kuupunguza, wakawafuatilia miezi kumi, na dalili za mkojo zikapungua sana, pamoja na woga wenyewe. Mwaka 2011 wakaonyesha kingine ambacho mimi hukipenda kuwasimulia wateja, kwamba hata paka wazima kabisa ukiwavurugia ratiba, kubadilisha mhudumu, kuchelewesha chakula, wanaanza kutapika na kukojoa nje ya beseni kama wagonjwa.

Kwa hiyo mabeseni yawe mawili, paka mmoja anahitaji moja na la akiba. Moja lirudi palepale lilipokuwa kabla ya Januari, mtoto mzuie kwa kigeti au kwa kuliweka bafuni na mlango ukafungwa kwa kamba, uache nafasi ya paka kupita lakini siyo ya mtoto. Mchanga mwepesi usio na manukato, kina cha vidole viwili vitatu, uchote kila siku asubuhi na jioni. Mpatie mahali pa juu ambapo mtoto hafiki, hata juu ya kabati ukiweka kanga ya zamani inatosha. Chakula saa zilezile. Kama kuna dume la nje linakuja dirishani usiku kupiga kelele, funga pazia upande huo, ghorofa ya tatu sidhani ila paka wa mji huu wanafika popote.

Mtoto hawezi kuambukizwa huu ugonjwa, hamna mdudu wa kuambukiza. Asichezee tu mchanga wa paka kwa sababu za usafi za kawaida, na hilo ulishalijua ndo maana ukalihamisha.

Hiyo laki na nusu usimpe mtu wa vidonge. Ipeleke kwenye ultrasaundi ya kibofu, maana ni mara ya tatu na tunataka kujua kama kuna jiwe na ni la aina gani, la struvaiti huwa linayeyuka kwa chakula maalumu cha mkojo ndani ya wiki kadhaa, la oksaleti haliyeyuki. Waombe pia mkojo uoteshwe maabara, mkojo uliotolewa kwa sindano kibofuni siyo wa kwenye kokoto. Ukiota bakteria kweli, basi antibayotiki itachaguliwa kwa jina na mimi ntakula maneno yangu hapahapa. Ikibaki chenji nunua beseni la pili.

Leo jioni mashine ikiwa inakamua ingia stoo, chuchumaa pale kwenye beseni, kichwa kiwe usawa wa Kashata, usikilize. Wiki mbili zikipita niandikie anakojoa mara ngapi kwa siku na madonge ya mchanga yana ukubwa gani, ukipiga picha weka na kijiko pembeni nipate kipimo. Picha ya Kashata mwenyewe siihitaji, ila ukiituma sitaikataa.